Wati 5 za Morse kutoka pwani yetu: redio ipi, waya upi, bendi ipi

Nianze na kitu cha bure kabla hujatoa hata shilingi. Tafuta redio yoyote inayopokea mawimbi mafupi na inayoweza kukusikilizisha Morse, ile ya nukta na mistari, hata ya kuazima, iweke megahezi 14.100 jioni, kaa nayo dakika 3 tu. Pale kuna vituo 18 vya dunia nzima vinavyopokezana zamu, kila kimoja kinapewa sekunde 10, kinatuma kolsaini yake, yaani jina lake la hewani, kwa wati 100 alafu kinafuatisha mistari minne mirefu: wa kwanza wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1, wa nne sehemu moja ya kumi ya wati. Kimojawapo kwenye orodha ni cha kwetu Afrika Mashariki, 5Z4B cha Kenya, alafu kuna OH2B Finland, 4X6TU Israeli, CS3B Madeira, 4S7B Sri Lanka, ZS6DN Afrika Kusini na wengine.

Mimi siku ya kwanza nilikaa barazani Kigamboni na penseli mkononi nikiisubiri OH2B, nahesabu kama mtoto wa chekechea. Mstari wa kwanza huo. Wa pili huo, umepungua ila upo. Wa tatu nikashika pumzi, aisee ulikuwepo, kwa mbali kama mbu aliye nje ya chandarua. Wati 1 kutoka Finland! Wa nne sikuusikia na siku nyingine hata wa pili siupati, lakini tangu siku ile niliacha kabisa kuota redio ya wati 100.

Kwa hiyo hii naandika kwa ajili ya mtu ambaye leseni ya redio ya ridhaa anayo, ya TCRA kama yuko Tanzania au ya CA kama yuko Kenya, Morse ameshaizoea kidogo hata kama ni ya maneno 12 kwa dakika, na sasa anataka kwenda mbali kwa wati 5 ila hajui hela yake aitumbukize wapi. Maana ukiangalia video za wazungu utachanganyikiwa bure, ushauri wao mwingi ni mzuri kwa mtu aliyeko Ohio au Birmingham, ukiuleta hapa Mbagala au Likoni mambo mengine yanageuka kichwa chini miguu juu. Nitalinganisha vitu viwili viwili kadri ninavyovijua, na pale nilipo na upande nitasema nina upande.

Hesabu fupi kwanza. Ukishuka kutoka wati 100 hadi wati 5 unapoteza desibeli 13. Kila alama moja ya S kwenye mita ya redio ni desibeli 6, maana yake umepoteza alama mbili na chenji. Jamaa aliyekuwa anakusikia S7 sasa anakusikia S5 hivi. Hiyo ndio gharama yote. Na desibeli 13 unaweza kuzipoteza au kuzipata kwenye antena bila kugusa redio, ndio maana sehemu ya antena huko chini nimeiandika ndefu kuliko zote.

Morse, sauti au FT8

Hapa sikai sana. Sauti inakula upana wa hezi 2,400 hivi, Morse ya mwendo wa kawaida hezi 100 na kitu, kwa hiyo wati zako 5 kwenye sauti ni kama kumwaga ndoo ya maji kwenye uwanja wa mpira na kwenye Morse ni kumwaga ndoo hiyohiyo kwenye mtaro. Sauti ya wati 5 kwenda Ulaya inawezekana siku anga likiwa limefunguka kweli ila utarudia kolsaini yako mpaka majirani waikariri.

FT8, ile ya kutuma ujumbe kwa kompyuta ya Joe Taylor na Steve Franke iliyotoka 2017, inachimba chini kuliko sikio la binadamu, hilo sibishani nalo. Kama unachotaka ni idadi ya nchi tu, na laptopu unayo, na umeme wa kuichaji upo, chagua FT8 na wala usinisome zaidi. Mimi shida yangu ni moja, kompyuta inaongea na kompyuta mimi niko pembeni nakunywa kahawa. Na ukienda ufukweni na laptopu, jua la saa nane kwenye kioo, mchanga kwenye kibodi, mh. Morse unaenda na kiredio mfukoni, hedifoni na penseli.

Redio: ya kujiundia au ya dukani

Huku kuna kambi mbili. Kambi ya kwanza ni zile seti za kujiundia mwenyewe, na aliyezipa umaarufu ni QRP Labs ya Hans Summers na redio yake ya QCX iliyotoka 2017 kwa dola 49, baadaye ikaja QCX-mini ndogo kama pakiti ya sigara, na kisha QMX yenye bendi tano. Kambi ya pili ni redio zilizokamilika: Yaesu FT-817 na mdogo wake FT-818 ambazo sa hivi utazipata za mitumba tu, Elecraft KX2, Icom IC-705, na yule Mchina Xiegu G90 wa wati 20 ambaye kwa tafsiri kali sio QRP, yaani redio ya nguvu ndogo ya wati 5 kushuka chini, ila unaweza kumshusha.

Weka QCX-mini na KX2 juu ya meza moja. QCX ni bendi moja tu, Morse tu, hakuna sauti, wati 3 hadi 5 kutegemea na volti unazoipa, filta yake ni ya hezi 200 imejengewa humohumo kwa hiyo ukiivaa masikioni unasikia kituo kimoja na wengine kama hawapo. Ikiwa inasikiliza inakula chini ya miliampea 100. KX2 ina bendi nyingi, ina sauti, unaweza kuweka betri na tyuna, kile kifaa cha kupatanisha redio na antena, ndani yake, inakula kama miliampea 135 tu ikisikiliza, ni kitu kizuri sana sikatai, ila bei yake ni zaidi ya mara kumi ya ile seti, na ukishajumlisha usafiri na ushuru wa kuingiza nchini utaanza kuiangalia ile pikipiki yako kwa jicho la kuiuza.

FT-817 wengi wanaitamani kwa sababu ya jina. Ni ngumu kama jiwe, kweli, ila kwa mtu wa Morse ina mambo mawili ya kuuliza kabla hujanunua ya mtumba. Moja, je ile filta ya ziada ya hezi 500 imo ndani? Maana bila hiyo unasikiliza kwa upana wa sauti, stesheni tano kwa mpigo kama uko stendi ya mabasi. Pili, inakula miliampea 300 na kitu ikiwa imekaa kimya tu inasikiliza, na G90 yeye anakaribia nusu ampea. Ukiwa na betri ya UPS ya Ah 7 uliyookota ofisini hiyo tofauti utaiona usiku wa kwanza tu. QCX kwa betri hiyohiyo mimi naenda siku tatu nne jioni jioni bila kuchaji.

Sasa upande mbaya wa kujiundia, nisikufiche. Kwenye QCX kuna pete moja inaitwa T1, kipete cha rangi kidogo kama bangili ya mtoto mchanga, unatakiwa kukizungushia nyaya nne tofauti, zote kwa upande uleule, alafu ncha nane ziingie kwenye matundu yake. Waya wenyewe ni wa shaba uliopakwa vanishi, vanishi isipoungua vizuri unapochomelea, risasi inakaa juu inang'aa vizuri kabisa na umeme haupiti. Mimi nilimaliza kuunda saa sita usiku, nikawasha, kioo kikawaka, nikajiona mhandisi, masikioni kimya kama kaburi. Nilihangaika siku mbili nikilaumu transista, nikilaumu walioipaki, kumbe ni ncha moja ya T1. Nikaikwangua kwa wembe nikachomelea tena, kelele ya bendi ikaingia hiyo, sijawahi kufurahia kelele namna ile.

Uzuri wake ni kwamba redio ina vipimo vyake ndani yenyewe vya kuirekebishia, huhitaji osiloskopu. Na transista za mwisho zinazosukuma nguvu ni BS170 tatu, vitu vya bei ya pipi, ukiziunguza kwa kutuma bila antena unabadilisha mwenyewe. Nunua akiba sita. Ukichagua QMX badala yake kumbuka kuna toleo unaloliunda la volti 9 na la volti 12, ukiunda la 9 ukachomeka betri ya 12 utanukia moshi.

Upande wangu: kama una uvumilivu wa kukaa na mkono usiotetemeka, au una fundi redio mtaani unayemwamini akuchomelee ukimwangalia, chukua ya kujiundia ya bendi moja, hela inayobaki peleka kwenye waya na safari. Kama macho yamechoka au unajua kabisa wewe ni mtu wa kuhama hama bendi, tafuta KX2 ya mtumba, IC-705 ni tamu ile skrini yake ila ni kubwa na bei yake inauma zaidi.

Antena: mnazini au ufukweni

Haya, hapa ndio penyewe. Ushindani uko kati ya dipoli, antena ya wima, na waya mmoja unaolishwa mwishoni.

Dipoli ya bendi ya mita 20 (bendi huitwa kwa urefu wa wimbi lake) kwa megahezi 14.060 ni waya wa kama mita 10.15 jumla, unaukata katikati, kila upande mita 5 na kidogo, kebo ya koaksi ya kwenda kwenye redio katikati. Rahisi, haihitaji tyuna, haina siri. Siri yake ni urefu wa kutoka ardhini. Ukiifunga mita 5 juu, kwenye paa la jirani na mwembe, sehemu kubwa ya nguvu inaenda juu kichwani, wanakusikia Morogoro vizuri ila Milano hawana habari na wewe. Ukiipandisha mita 10, nusu ya urefu wa wimbi, ndio inaanza kuangalia upeo wa macho. Na nani duniani ana nguzo za mita 10 za bure? Sisi wa pwani, tunaita minazi.

Mwanzo nilijaribu kwa manati, nikafunga chubwi kwenye mshipi wa kuvulia nikarusha, mara ya kwanza limenasa kwenye makuti, mara ya pili limerudi karibu linitoboe, mara ya tatu likaangukia kwenye sufuria la jirani la wali. Mwisho nikamlipa mkwezi, akapanda na kapi dogo la ngalawa akalifunga kwa kamba chini ya makuti, dakika kumi kazi imekwisha, na tangu hapo napandisha na kushusha waya kama tanga. Hiyo kapi ndio hela bora niliyowahi kutumia kwenye hii kazi nzima. Acha kamba ilegee kidogo lakini, kusi likivuma minazi miwili haipepei pamoja, huu unaenda huku ule unaenda kule, waya uliovutwa kama gitaa utakatika. Na usiketi chini yake, nazi haina rafiki.

Kuhusu mwelekeo, dipoli inatupa nguvu pembeni mwa waya, sio kwenye ncha. Kutoka Dar, Ulaya iko kaskazini imelalia magharibi kidogo, kwa hiyo nyoosha waya mashariki-magharibi. Pwani ya mashariki ya Marekani iko kaskazini magharibi, hapo nayo hukosi sana.

Antena ya wima ni waya mmoja wa mita 5 umesimama, umeegemezwa kwenye ufito wa kuvulia au mwanzi mrefu, na nyaya mbili tatu za mita 5 zimetandazwa chini. Unabeba kwenye boda. Kila mtu anayesoma mambo haya ameshakutana na ile sifa kwamba antena ya wima kando ya maji chumvi ni uchawi, na ni kweli, maji ya bahari yanaakisi wimbi vizuri kiasi kwamba ile nguvu ya chini kabisa inayokwenda mbali haimezwi kama inavyomezwa na udongo. Kwa wati 5 ni kama mtu amekuongezea redio.

Ila kuna kitu hawakwambii. Maji yanasaidia upande yalipo! Yaani maji yaliyoko mbele yako, kuanzia hapo antena ilipo na kwenda mamia ya mita, ndio yanayosaidia kwa wale walioko upande huo. Sasa simama Kigamboni au Nyali uangalie bahari: unaangalia mashariki. Mbele yako kuna India, Indonesia, Australia, Japani kwa pembeni. Ulaya iko nyuma ya bega lako la kushoto, juu ya nchi kavu, juu ya majumba na mabati. Mimi nilipoteza Jumamosi mbili nzima nikishangaa kwa nini Wajapani na Waaustralia wananipa ripoti nzuri na Wajerumani ambao ndio wengi kuliko wote kwenye bendi wananijibu kwa shida kuliko nikiwa nyumbani na dipoli. Siku ya tatu nikachora ramani kwenye mchanga nikajicheka.

Ukitaka Ulaya na bahari, tafuta ufukwe unaotazama kaskazini. Nungwi, kule ncha ya juu ya Unguja, bahari iko kaskazini na magharibi, pale antena ya wima ya mita 5 inafanya mambo ambayo dipoli yangu ya mnazini haijawahi. Kwa orodha za nchi wanazokusanya watu wa redio Zanzibar haihesabiki peke yake tangu 1974, ni Tanzania tu, ila wale wanaokusanya visiwa watakutafuta. Piga hodi kwa sheha kwanza na nakala ya leseni, mtu mwenye waya na hedifoni ufukweni jioni anatafsiriwa vibaya haraka sana.

Na angalia maji. Siku za bamvua maji yakipwa yanaenda mbali kweli, antena uliyoisimika ukingoni maji yakiwa yamejaa inajikuta baadaye iko jangwani. Mchanga uliolowa maji chumvi bado unasaidia lakini sio sawa na maji yenyewe. Mimi huwa naenda kwa kalenda ya wavuvi, nianze maji yakiwa yanajaa. Ukirudi nyumbani osha viunganishi vyote kwa maji yasiyo na chumvi, chumvi haisahau.

Ukiwa bara, Dodoma, Arusha, Nairobi, Kigali, sahau haya yote ya wima. Udongo mkavu unakula ile nguvu ya chini, na mjini antena ya wima inazoa kelele za taa za LED za bei chee na chaja za simu kuliko dipoli. Huko bara inua dipoli, basi. Kuna jambo la kuchekesha, umeme ukikatika mtaa mzima wenzako wanalalamika wewe unakimbilia redio, bendi inakuwa safi kama imefagiliwa, unasikia vituo ambavyo hukujua kama vipo.

Waya unaolishwa mwishoni ni chaguo la mwenye mti mmoja. Mita 20 za waya, transfoma ndogo ya 49 kwa 1 kwenye ncha, na unapata bendi za mita 40, 20, 15 na 10 bila tyuna. Unapoteza kidogo kwenye transfoma, na huko bendi za juu nguvu inagawanyika vipande vipande kuelekea pande usizozichagua. Lakini aliye ghorofani Kariakoo na anaweza kutupa waya mmoja kuelekea jengo la pili, hana cha kuchagua, na anafanya mawasiliano vizuri tu. Mimi nautumia safarini nikilala nyumba ya wageni.

Usiniamini mimi, pima. Kuna mtandao unaitwa Reverse Beacon Network, vipokezi vimetapakaa duniani, ukituma CQ, ule wito wa kumwita yeyote anayesikia, na kolsaini yako mara mbili tatu vinakuandika vyenyewe: nani amekusikia, kwa desibeli ngapi, kwa mwendo gani. Tuma na dipoli, badilisha haraka tuma na ya wima, fungua simu angalia. Rudia mara kadhaa maana anga linapanda na kushuka. Dakika ishirini za hivyo zina faida kuliko kusoma maoni ya watu mwaka mzima, haya yangu yakiwemo.

Bendi

Kama redio yako ni ya bendi moja hapa ndipo unapoumia kichwa. Jua linaenda kwa mizunguko ya miaka 11 hivi, huu wa 25 ulianza Desemba 2019 na Oktoba 2024 wenye kupima walitangaza kwamba umefika kileleni. Mita 10 inakuwa pepo wakati jua lina madoa mengi, wati 5 zinakwenda kama wati 50, na dipoli yake ni mita 5 tu kwa hiyo mita 5 juu ya ardhi tayari ni nusu ya wimbi, huhitaji mkwezi. Sisi tulio karibu na mstari wa ikweta tuna bahati zaidi, njia ya kaskazini kusini inadumu hata wakati watu wa Ulaya wenyewe kwa wenyewe hawasikilizani. Lakini kilele kina mteremko, na mwaka wa jua dogo mita 10 inalala wiki nzima hata haikoromi.

Mita 20 ndio ugali, upo kila siku. Haina siku za kufa kabisa, alfajiri na kuanzia saa kumi jioni mpaka usiku inafunguka kwenda mahali fulani. Ukinunua seti ya bendi moja, nunua ya mita 20. Nimeshabadilisha mawazo mara tatu kwenye hili na nimerudi palepale. Mita 40 usiku inaenda mbali, ila huku kwetu wakati wa masika na vuli radi za kila upande zinapasua masikio, mistari ya wati 5 haitoki humo. Mita 30 naipenda kwa sababu haina mashindano ya wikiendi na watu wake wana adabu, ila iwe ya pili.

Masafa ya kukutania watu wa wati ndogo upande wetu huu wa dunia ni 7.030, 10.116, 14.060, 21.060 na 28.060. Yaandike kwenye kikaratasi ubandike kwenye redio.

Kuita au kuitikia

Vitabu vyote vinasema mwenye wati 5 asiite CQ, aitikie wengine. Kwa mtu wa Ujerumani ni sahihi, wako maelfu. Wewe una 5H ya Tanzania au 5Z ya Kenya au 5X ya Uganda au 9X ya Rwanda mbele ya kolsaini yako! Watu wana miaka wanakutafuta. Hapa ushauri unageuka: ita.

Ila ujiandae. Mara ya kwanza nilivyoita 14.060 jioni, niliita mara tano kimya, nikasema ah nishushe waya nikale. Vile vipokezi kumbe vimeshaniandika, wakanimwagikia wote mara moja. Haikuwa Morse tena, ilikuwa ni kama mvua juu ya bati. Nilikaa na penseli hewani kama dakika nzima, nikafanikiwa kuandika herufi mbili, I na K, ambazo ni mwanzo wa kolsaini za Waitaliano wengi, nikatuma IK na alama ya kuuliza, na nusu ya Italia ikajibu. Nilitoka na mawasiliano manne na shati limelowa. Tatizo la wati ndogo hapo ni kwamba wewe ndiye mnyonge sauti na wao ndio wenye nguvu, wakiita juu yako hakuna anayekusikia unamjibu nani. Dawa yake tuma UP, maana yake waite kilohezi moja au mbili juu, wewe ubaki peke yako chini wakusikie. Tuma kwa mwendo unaoweza kupokea, usijionyeshe. Jibu fupi, 5NN (nakusikia vizuri), TU (asante), mwingine. Hakikisha redio yako ina masafa mawili ya kugawa kutuma na kupokea, QCX inayo, na za dukani zote nilizotaja zinayo.

Kuitikia kunafaa wakati mmoja maalum, wikiendi kamili ya mwisho ya Novemba kwenye shindano la CQ WW la Morse. Zile stesheni zenye minara na antena kubwa kama paa la kanisa zinakuwa na njaa ya nchi mpya, zinasikia hata mbu, unapita unazichuma moja moja kwa wati 5 mpaka unachoka mkono.

Kuhusu mkono, kibonyezo cha kawaida au padeli? Kibonyezo cha kupiga juu chini kina roho yake, na unaweza kujitengenezea kwa kipande cha msumeno wa chuma. Kwa kundi kubwa la waitaji padeli ndio inakuokoa kifundo, redio inatengeneza nukta na mistari yenyewe. Anza na padeli, kile kingine kiwe cha Jumapili.

Kitu kimoja cha mwisho kilichonifanya nisijutie QCX. Kuna tuzo ya klabu ya QRP ARCI ya maili 1,000 kwa kila wati, yaani kilomita 1,609 kwa wati. Dar mpaka London ni kama kilomita 7,480. Kwa wati 5 kamili unapata kilomita 1,496 kwa wati, umekosa kwa kidogo tu. KX2 na IC-705 unageuza kitufe unashuka hadi wati 4, zinakuwa 1,870, umepita. QCX haina kitufe cha nguvu, inatii volti tu. Nikachomoa chaja, nikachomeka ile betri ya UPS iliyochoka, mita ikasoma wati 4 kasoro kidogo, nikasubiri kaskazini ifunguke.